Kifaru Kimepita au Kifaru Amepita? Hoja Dhidi ya Kukisia Ukoo wa Klasi

Mwalimu wetu wa sarufi huanza kila muhula kwa mtego uleule. Huandika ubaoni neno "kifaru", kisha huuliza: ngeli gani? Wenye haraka hutazama silabi ya kwanza na kupaza sauti: KI-VI! Mwalimu habishani nao. Huandika sentensi mbili chini ya neno lile: "Kifaru amelala kivulini kule Ziwa, Nakasongola," na "Kifaru kimepita barabara ya Jinja." Wa kwanza ni mnyama, cha pili ni gari la vita. Jina ni moja, herufi ni zilezile, ngeli ni mbili. Anayetaka kujua neno ni la ngeli gani asitazame mwanzo wake tu. Asikilize linavyopatanishwa na kitenzi.

Asubuhi nasoma Kiswahili, mchana nasoma utungaji wa programu za kompyuta. Kinachonikera ni kwamba jambo ambalo asubuhi hutiwa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, mchana hupewa alama kamili. Katika chumba cha kompyuta tunaruhusiwa, hata tunafundishwa, kutambua aina ya kitu kwa kulisoma jina lake. Insha hii inapinga desturi hiyo. Nadai kwamba kukisia ukoo wa klasi kwa jina, au kwa kudai iwe klasi ileile bila kujali uzao wake, ni kosa la kazi wala si suala la mtindo wa mtu. Tena ni kosa linaloweza kumfikia mgonjwa kitandani.

Kwa wasomaji wasiokaa mbele ya kompyuta, nieleze maneno matatu. Klasi ni kielelezo kinachosema vitu vya aina fulani vina sifa gani na vinaweza kufanya nini. Objekti ni kitu kimoja kilichoundwa kwa kielelezo hicho. Urithi ni pale klasi moja inapozaliwa na nyingine: mtoto hupokea sifa zote za mzazi na kuongeza zake. Mfano hauko mbali. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao OpenMRS ulianzishwa mwaka 2004, ukaanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na leo mfumo wa UgandaEMR unaotumika katika vituo vya afya nchini mwetu umejengwa juu yake. Ndani ya OpenMRS kuna klasi iitwayo Person, yaani mtu, na klasi Patient, yaani mgonjwa, ambayo ni mtoto wa Person. Kila mgonjwa ni mtu. Si kila mtu ni mgonjwa.

Programu inapoendeshwa, objekti husafiri kutoka sehemu moja hadi nyingine, na mara nyingine sehemu inayopokea huhitaji kujua imepokea nini. Hapo ndipo swali la ukoo linapozuka. Waganda wana adabu yao kwa swali hili, nayo huitwa okulanya. Mtu anayejitambulisha haishii kwenye jina. Hutaja jina lake, la baba yake, la babu yake, kisha hupanda ngazi za ukoo hadi kwa mkuu wa ukoo wenyewe na kutaja muziro wake: Mmamba, Nsenene, Ngeye au mwingine. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu jina halitoshi. Ukikutana na Kato, unajua tu kwamba ni pacha aliyezaliwa wa pili. Kato wamo katika koo zote. Anayemwoza binti yake kwa kukisia muziro kwa jina la mchumba anaweza kuwaoza ndugu wa ukoo mmoja, na mwiko huo Buganda hauna mzaha.

Kompyuta nayo ilipewa adabu hiyo mapema. Mwaka 1967, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Oslo, Norway, walipobuni lugha ya Simula 67, lugha ya kwanza kuwa na klasi na urithi kama tunavyoujua, waliweka maneno mawili tofauti ya kuulizia. Neno "is" liliuliza: je, objekti hii ni ya klasi hii hasa? Neno "in" liliuliza: je, ni ya klasi hii au ya uzao wake? Walijua tangu siku ya kwanza kwamba hayo ni maswali mawili. Sisi, zaidi ya nusu karne baadaye, tunayachanganya kila siku.

Nilijifunza uzito wa jambo hili katika mafunzo ya kazini. Nilikuwa na timu ndogo iliyotengeneza nyongeza ya mfumo wa kumbukumbu kwa kituo kimoja cha afya hapa Kampala. Kazi yetu ilikuwa ukurasa wa majibu ya maabara: kila jibu la namba lililovuka mpaka wa hatari lionekane kwa rangi nyekundu. Katika OpenMRS, kila kipimo huelezwa kwa objekti ya klasi Concept. Vipimo vya namba vina klasi mtoto, ConceptNumeric, na humo ndimo inamohifadhiwa mipaka: kiwango cha chini cha hatari, kiwango cha juu cha hatari, na kipimio chenyewe. Sisi tuliandika hivi: kama concept.getClass() == ConceptNumeric.class, soma mipaka na upake rangi. La sivyo, andika jibu kama maandishi ya kawaida.

Kwenye mashine yetu ya majaribio kila kitu kilifanya kazi. Tulipongezana. Kituoni, siku ya tatu, muuguzi mmoja mtu mzima aliniita.

"Mwanangu, njoo uone. Huyu mama ni mjamzito, damu yake ni 5.8. Mashine yenu imekaa kimya."

"Samahani, Musawo. Labda mipaka haijaingizwa."

"Mipaka imeingizwa. Niliisimamia mwenyewe."

Mama yule alihudumiwa kwa sababu muuguzi anajua namba zake: hemoglobini iliyo chini ya 7 kwa mjamzito ni upungufu mkubwa wa damu, na hakuhitaji rangi ya kumwambia. Lakini sisi tulikuwa tumetengeneza ukurasa ule kwa ajili ya siku ambayo muuguzi amechoka, foleni imefika nje, na mwanafunzi wa uuguzi ndiye anayesoma majibu. Siku hiyo ukurasa wetu ungeandika 5.8 kwa wino mweusi uleule unaoandikia "hasi" na "chanya".

Tulitafuta kosa kwa siku mbili. OpenMRS imeandikwa kwa lugha ya Java na hutumia maktaba iitwayo Hibernate kuleta data kutoka hifadhidata. Ili kuokoa muda, Hibernate haileti kila kitu mara moja. Kwa kitu ambacho bado hakijahitajika, huweka wakala: objekti ya muda inayojifanya kuwa kitu chenyewe, na ambayo huenda kukileta halisi pale tu inapoulizwa jambo. Wakala huyo ana klasi yake, iliyoundwa papo hapo programu ikiwa inaendeshwa, na klasi hiyo ni mtoto wa Concept. Kwenye mashine ya majaribio tulikuwa tukiita vipimo moja kwa moja, kwa hiyo tulipata vitu halisi. Kituoni tulivipata kupitia matokeo ya mgonjwa, tukapewa mawakala. Swali letu, "je, klasi yako ni ConceptNumeric hasa?", lilijibiwa kwa ukweli mtupu: hapana.

Mwenzetu mmoja akasema, basi tutumie instanceof, swali linalokubali uzao. Tukabadilisha. Ukurasa ukabaki kimya. Wakala ni mtoto wa Concept, si mtoto wa ConceptNumeric. Ni ndugu tu wa yule tunayemtafuta. Kilichotuokoa ni swali la namna nyingine. Waliotengeneza OpenMRS wameweka katika Concept methodi iitwayo isNumeric(). Kwenye Concept ya kawaida hujibu hapana. ConceptNumeric hutoa jibu lake yenyewe. Ukimwuliza wakala swali hilo, hajibu kwa niaba yake. Hulipeleka kwa kitu halisi na kurudi na jibu. Tulipouliza isNumeric(), kisha tukaomba kipimo halisi kwa getConceptNumeric, 5.8 ikawa nyekundu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka kifaru wa ubaoni. Swali la isNumeric() ni upatanisho. Halitazami kichwa cha neno, linasikiliza linavyotenda.

Sasa niwajibu wanaotetea desturi ya zamani, maana nimebishana nao vya kutosha kwenye vibaraza vya Wandegeya.

Wa kwanza husema: "Mimi hulinganisha jina la klasi, na sijawahi kupata tatizo." Huyo ndugu hajakutana na tarehe. Katika Java kuna java.util.Date, na kuna java.sql.Date ambayo ni mtoto wake. Ukiuliza jina fupi la kila moja, zote mbili hujibu "Date". Hao ni akina Kato wawili. Kuna na mtoto mwingine, java.sql.Timestamp, ambaye mara nyingi ndiye anayerudi kutoka hifadhidata pale ulipotarajia Date. Jina lake ni tofauti ingawa ukoo ni mmoja, kwa hiyo msimbo unaolinganisha majina humpokea wa kwanza usiyemtaka na kumkataa wa pili unayemhitaji. Tena maelezo rasmi ya Java yenyewe yanatahadharisha tusiichukulie Timestamp kama Date ya kawaida tu, kwa kuwa urithi uliopo kati yao ni wa utekelezaji, si wa aina. Ukilinganisha Date na Timestamp kutoka upande mmoja unaweza kuambiwa ni sawa. Kutoka upande wa pili ukaambiwa si sawa. Kwa hiyo hata ukoo wa kweli unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Jina peke yake ndiyo kabisa.

Wa pili husema: "Kuuliza ni kuuliza tu. Swali haliwezi kuharibu kitu." Haya yangekuwa maneno mazuri kama yangekuwa kweli. Mwaka 2011, toleo 5.3.7 la lugha ya PHP lilibadilisha kidogo tabia ya is_a, swali linaloulizia kama objekti ni ya klasi fulani au ya uzao wake. Kabla ya hapo, ukiipa maandishi badala ya objekti, ilijibu hapana na mambo yakaisha. Baada ya badiliko, iliyachukua maandishi yale kuwa jina la klasi, na kama klasi hiyo haikuwa imepakiwa, iliamsha utaratibu wa kupakia klasi. Programu nyingi zilikuwa zikiiuliza is_a kuhusu data iliyotoka kwa watu wa nje. Pale ambapo utaratibu wa kupakia ulikuwa umeandikwa kizembe, mtu wa nje angeweza kutuma maandishi yaliyoelekeza kwenye faili lake, na seva ingelipakia na kuliendesha, kwa sababu tu imeuliza swali. Kasoro hiyo ilisajiliwa kwa namba CVE-2011-3379, na toleo 5.3.9 likarudisha tabia ya zamani. Java nayo ina mlango wa jinsi hiyo: ukiita Class.forName kwa jina ulilopewa, unaweza kuendesha msimbo wa kuanzishia klasi hiyo kabla hujajua ni ya ukoo gani. Kwa hiyo usalama wa swali ni jambo halisi. Mlinzi anayemfungulia mgeni lango ndipo amwulize kitambulisho hajalinda kitu.

Wa tatu ni msomi, na hoja yake ni nzito zaidi. Husema: "Programu iliyobuniwa vizuri haiulizi ukoo hata kidogo. Kila klasi itende kwa namna yake, na anayeita asijue." Namkubalia nusu. Barbara Liskov alieleza mwaka 1987 kwamba mtoto lazima aweze kusimama mahali pa mzazi bila aliyemtegemea mzazi kuona hitilafu. Ukiheshimu kanuni hiyo, maswali mengi ya ukoo hufa yenyewe. Mfano wetu wa isNumeric() unasogea upande huo. Lakini programu zina mipaka: data inaingia kutoka kwenye simu, kutoka kwenye faili, kutoka kwenye maktaba ya mtu mwingine usiyeweza kuibadilisha. Mpakani lazima mtu aulizwe. Kusema "usiulize kamwe" kunawaacha wanafunzi bila adabu ya kuuliza, nao huuliza hivyo hivyo, kwa siri na vibaya.

Kuna na hoja ya nne ambayo ni ya haki, nami siikwepi. Zipo nyakati ambapo swali la "klasi hii hasa" linafaa, kwa mfano unapoandika methodi ya usawa na hutaki mzazi na mtoto watoe majibu yanayopingana, kama tulivyoona kwa Date na Timestamp. Sawa. Lakini hilo ni chaguo la mtu anayejua kwamba anawafungia watoto wote nje, na anayejua pia kwamba mawakala wa Hibernate watafungiwa nje pamoja nao. Ninachopinga ni kulitumia bila kujua, kwa sababu mhariri wa msimbo umelizalisha au rafiki ameandika hivyo.

Basi kuuliza kwa usalama kunataka nini? Kwanza, uliza uwezo kabla ya ukoo, kama objekti ina methodi ya kujieleza. Pili, ukilazimika kuuliza ukoo, tumia swali linalokubali uzao: instanceof katika Java, isinstance katika Python. Ukiandika type(m) == Malipo, siku mwenzako atakapoongeza klasi MalipoYaKaro iliyozaliwa na Malipo, karo ya mtoto wa mtu itakataliwa ingawa ni malipo halali. Tatu, jua swali lako linamwuliza nani. Katika Python, issubclass huuliza kuhusu klasi. Ukiipa objekti ya kawaida haisemi hapana, bali hurusha hitilafu ya TypeError na kusimamisha kazi. Katika Java, instanceof ikipewa null hujibu hapana kwa utulivu, ilhali getClass() ikiitwa juu ya null huvunjika. Nne, mwondoe wakala kwanza. Tano, usiruhusu maandishi ya mtu wa nje yachague klasi ya kupakiwa. Weka orodha ya unazozikubali. Na la mwisho, ambalo lilikuwa kosa letu kubwa kuliko yote: lile tawi la "la sivyo" lisikae kimya. Sisi tuliliambia liandike jibu kama maandishi. Lingepaswa kupiga kelele: nimepokea namba ambayo siijui mipaka yake.

Wala nisidanganye kwamba ukifuata haya umemaliza. Katika Python, klasi ya ndiyo-na-hapana, bool, ni mtoto wa int. Kwa hiyo ukiuliza kwa isinstance kama True ni namba kamili, utajibiwa ndiyo, na fomu ya umri inaweza kumwandika mtu kuwa na mwaka 1. Swali ni salama, ukoo wenyewe ndio wa ajabu. Hata OpenMRS, katika matoleo yake ya awali, klasi ya mtumiaji wa mfumo, User, ilikuwa mtoto wa Person, sawa na Patient. Lakini je, muuguzi akiugua? Mtu mmoja alitakiwa kuwa watoto wawili wa mzazi mmoja kwa wakati mmoja. Baadaye waliutengua urithi huo: mtumiaji hakuitwa tena mtu, bali ana mtu anayehusishwa naye. Waliouliza ukoo kwa uangalifu ndio waliogundua kwamba ukoo ulipangwa vibaya.

Naomba jambo moja kwa walimu wetu na wasahihishaji wa mitihani ya programu. Mkiwapa wanafunzi zoezi lenye klasi na urithi, msisahihishe kwa mifano mliyowaonyesha tu. Pitisheni katika msimbo wao klasi mtoto moja ambayo hawajawahi kuiona, pamoja na null moja. Msimbo utakaokataa mtoto halali, au utakaonyamaza, upunguziwe alama, hata kama mifano mingine yote imepita. Mwalimu wetu wa sarufi hufanya hivyo kila muhula kwa neno moja la herufi sita, na sijaona mwanafunzi wake aliyelikosea mara ya pili.